Nzuri, Ila

Mgeni alikuwa amemchosha Mwanakheri. Denisi, mwanamama nesi mstaafu wa jeshi la Marekani aliyehudumu vitani Iraki, alikuja kupumzika kwake kijijini Ngujini. Kiswahili alikijua, salamu ndizo zilizomshinda. Mtu akimuuliza habari za nyumbani, anamsimamisha njiani na kumweleza talaka yake mwanzo hadi mwisho. Majirani walishaanza kumkwepa kwa kupita migombani.

"Sikiliza, dada," Mwanakheri alimfokea. "Kwanza unasema nzuri. Hata kama nyumba inaungua, nzuri! Halafu ndiyo unasema ila."

Jioni mzee Habibu akaja kunywa chai. Denisi akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za vita?"

"Nzuri. Ila hospitali yetu ililipuliwa."

"Poleni sana. Na wagonjwa, hawajambo?"

"Hawajambo wote, ila waliokufa."

Chai ikampalia mzee. Mwanakheri akajiziba mdomo kwa khanga, lakini wapi, kicheko kilishamtoka. Denisi naye akacheka mpaka machozi, akataka aulizwe tena.

"Habari za chakula?" mzee akauliza.

"Nzuri, ila kilikuwa na mchanga."

"Za usingizi?"

"Nzuri, ila hatukulala."

Mwanakheri akanogewa. Akakumbuka jina ambalo mgeni wake huliita kila anapoota, akauliza, "Na habari za Tomi?"

Denisi akaweka kikombe chini.

"Nzuri," akasema.

Wakaingojea ila. Chai ikapoa.