Upepo wa Joash

Siku Willem alipofika Kamolo na kipima upepo chake, Pauline alikuwa ameinama juu ya nyavu kuukuu akigeuza omena, dagaa wa ziwani, ikauke upande wa pili. Hakuinua kichwa. Mwaka huo wa tisini na saba wazungu walikuwa wakipita ufuoni kila mara kuangalia magugu maji, wakitikisa vichwa na kuondoka, naye alidhani huyu ni wa magugu tu.

Wapi. Willem alikuwa Mholanzi aliyechimba visima upande wa Migori miaka mingi. Kazi ilipoisha hakutaka kurudi kwao. Alitaka nyumba kando ya maji, mahali ambapo angecheza mchezo wake kila siku ya Mungu. Mchezo wenyewe ni wa kusimama juu ya ubao wenye tanga na kusukumwa na upepo. Unaenda mbali, unageuka, unarudi ulikotoka, na hujabeba hata samaki mmoja. Alianzia Homa Bay, lakini ghuba ilikuwa imefunikwa na magugu hadi kuku wa watu walikuwa wakitembea juu yake wakidonoa wadudu. Kendu upepo ulikuwa haujui unachotaka. Mbita kulikuwa na mawe. Akashuka na ziwa hadi upande wa Karungu, ufuo kwa ufuo, mpaka akatokea Kamolo.

Ilipokaribia saa nane mchana Pauline aliacha omena, akaingia ndani, akafungua mlango wa mbele na kuweka beseni la maji kizingitini. Upepo ukatokea upande wa kisiwa cha Remba. Ulikuja umenyooka juu ya maji, ukasukuma magugu kando, ukavuma kwa saa mbili hivi bila kupumzika, kisha ukapanda mpaka mlangoni.

"Isebiro?" Pauline aliuliza. Kwa Kijaluo ni kumuuliza mtu kama amefika, na mke humuuliza mumewe hivyo hata akiwa anamwona.

Upepo ukatulia. Maji ya beseni yakachezacheza, yakachafuka na kubaki na magamba mawili matatu ya samaki. Ziwa lote likalala.

Willem alitazama kipima upepo chake, kisha akamtazama yule mama.

"Mama, huu upepo unakuja kila siku?"

"Kila siku. Sabato tu ndio hatoki."

"Nani hatoki?"

"Mume wangu."

Willem akafikiri kidogo. Kisha akauliza kama anakuja hata wakati wa mvua, naye Pauline akasema ndiyo, Joash hajawahi kuogopa mvua. Willem alifurahi sana kusikia hivyo.

Joash alikuwa amezama miaka michache nyuma, karibu na Remba, boti ilipopinduka. Stanley, aliyekuwa naye, aliogelea akapona. Mwili wa Joash haukupatikana. Mtu akipotea majini hivyo, Wajaluo huchukua yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kama gunia dogo, wakalizika badala yake ili roho ikae nyumbani itulie. Nicodemus, kaka yake Joash, ndiye aliyetumwa kulitafuta. Alikuwa na haraka zake siku hiyo. Akachuma lililokuwa karibu na njia, na lilikuwa bado changa. Wazee waliliona, wakatazamana, lakini chakula cha wageni kilikuwa tayari, basi wakalizika hivyo hivyo. Wiki iliyofuata upepo ukaanza.

Kamolo haikuona ajabu. Wanawake walihamishia nyavu za kuanika omena pale Joash anapopita, na kofia ya mtu ikipeperuka watu walisema, "Mpishe, anaenda nyumbani." Magugu yaliziba fuo za jirani zote, ila Kamolo yalikuwa hayapati nafasi ya kusimama.

Aliyekasirika ni Nicodemus. Kwa desturi alipaswa kumrithi mke wa kaka yake, na Pauline alikataa. Alikuwa Msabato, hiyo ni sababu moja. Ya pili aliieleza mbele ya wazee bila kupandisha sauti.

"Nitarithiwa vipi na mwenyewe anarudi kila siku? Shemeji, njoo basi saa kumi umuulize mwenyewe."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nicodemus hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anapita bomani kwa kaka yake bila salamu.

Kwa hiyo Willem alipouliza mwenye ile ardhi ni nani, Nicodemus alienda nyumbani kuvaa koti, akarudi kuiuza. Naibu wa chifu alisema mwanamke aliyekataa kurithiwa ametoka katika boma kwa miguu yake mwenyewe, hata kama bado anaonekana amesimama ndani. Willem aliambiwa mama amekubali na anahamia kwa dada yake Awendo. Willem hakuwa mtu mbaya. Aliuliza mara mbili kama kweli mama amekubali, na mara zote mbili alimuuliza Nicodemus.

Walikuja asubuhi kung'oa mabati. Pauline alisimama pembeni ameshika beseni lake. Hakupiga mayowe, na majirani waliokuwa wamejiandaa kumtuliza walikosa la kufanya.

"Mzee," alimwambia naibu wa chifu, "na yeye akija mchana, aingie wapi?"

"Mama, serikali haina mambo na upepo."

"Basi mniachie mlango tu. Mlango peke yake, hapo uliposimama."

Naibu wa chifu alimwangalia Nicodemus. Nicodemus alikuwa akihesabu mabati. Mlango ukapakiwa pamoja na vitu vingine.

Awendo Pauline alikaa na dada yake Marcella, wakiuza samaki wa kukaanga kando ya barabara ambapo matrekta ya miwa hupita. Chumba chao kilikuwa na mlango unaotazama barabara. Kila siku mchana Pauline aliufungua na kuweka beseni, na kila siku kikaingia kivumbi cha miwa peke yake. Marcella alimvumilia, kisha akamwambia ukweli.

"Dada, huyo mtu hajui njia ya huku. Hajawahi kufika Awendo hata akiwa hai."

Pauline alilia siku hiyo, kilio cha kweli. Uchungu wake haukuwa wa nyumba sana. Alimwonea huruma mtu anayetoka kazini akakuta nyumbani hakuna.

Na Kamolo mambo yalikuwa hivyo hasa. Upepo ulifika, ukapanda mchanga, ukakuta saruji mbichi mahali pa mlango. Ukazunguka. Ukaenda kwa jirani ukasukuma mlango, ukaenda kwa mwingine, ukafunua sufuria, ukainua mapazia, ukarudi ziwani ukaja tena kana kwamba umekosea njia. Haukutulia mpaka giza lilipoingia. Kesho yake hivyo hivyo.

Willem hakuwahi kuona upepo kama huo maishani. Alimaliza nyumba yake yenye baraza pana, na rafiki zake wakaanza kuja kutoka Nairobi na mbao zao zimefungwa juu ya magari. Kaburi la yago hakuligusa, maana alikuwa mtu wa heshima. Alilizungushia mawe meupe, na pembeni yake akajenga kibanda cha kuwekea matanga. Wavuvi nao hawakulalamika. Upepo ulipovuma mpaka usiku, magugu yalikimbia mbali kabisa, na boti za kutoka kwingine zikawa zinatia nanga Kamolo. Stanley akapata boti ya pili. Liz, binti yake Pauline aliyekuwa amemaliza kidato cha nne bila kazi, aliajiriwa jikoni kwa Willem.

Mwanzoni upepo ulipopita jikoni Liz alijaribu. Alisema, "Isebiro, baba?" Lakini si yeye aliyekuwa akitafutwa. Saa ambazo Joash alikuwa akirudi, watoto walikuwa bado shuleni, na sauti ya kumpokea ilikuwa moja tu. Upepo ukagusa sahani zote ukaondoka. Liz akamwandikia mamake neno moja, kwamba baba bado anatafuta.

Pauline alifika siku iliyofuata. Hakuingia kwa mtu. Alisimama nje ya ua wa Willem, ameweka beseni lake nyasini, na upepo ulipopanda mchanga akasema, "Isebiro?"

Ukatulia pale pale, miguuni pake. Kule ziwani matanga yote yalilegea mara moja, na wageni wa Nairobi wakaanguka majini mmoja baada ya mwingine. Walirudi ufuoni wakipiga kasia kwa mikono. Pauline alikaa chini na kuuzungumzisha upepo mpaka jioni, habari za Awendo, za Marcella, za bei ya samaki. Ilikuwa jioni njema kuliko zote tangu atoke. Akalala kwa jirani, kesho akafanya tena, na kesho kutwa. Siku ya nne magugu yakaonekana mdomoni mwa ufuo.

Basi wakamwita. Naibu wa chifu alikuwepo, Willem, Stanley na wavuvi wengine, wote wameketi. Yeye wakampa kiti cha mbele, na akajua mara moja kwamba hakuna jema linalokuja.

"Nyar Asumbi," Stanley alianza, akimtaja kwa kwao alikozaliwa, kama wanavyofanya kwa heshima. "Sio ati tunakufukuza. Lakini ukikaa hapa, sisi tutakula nini?"

"Wewe ulikuwa naye kwenye boti," Pauline alisema.

"Nilikuwa naye."

"Nirudishieni mlango wangu. Aingie, anawe, apumzike. Kesho atarudi kuwafanyia kazi yenu."

Hapo watu waliangalia chini. Willem alieleza taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri, kwamba yeye angemjengea mama chumba kizuri sana, tena cha matofali. Shida ni kwamba mama akiwepo, upepo utaisha saa kumi, na watu wake wanatoka mbali. "Pole sana, mama," alisema, na alimaanisha. Macho yake yalikuwa na machozi.

Wakakubaliana, yaani wao wakakubaliana, kwamba Pauline atakuwa anakuja asubuhi kupalilia kaburi la yago, na saa sita awe ameondoka. Liz alimsindikiza mpaka getini, amevaa aproni yake nyeupe.

"Mama, tafadhali usikuje mchana," Liz alisema bila kumtazama. "Watanifuta. Na Nyarangi ameingia form one, nani atamsomesha?"

Nyarangi alikuwa mdogo wake Liz. Pauline alimrekebishia binti yake kola ya aproni akaenda.

Amefanya hivyo tangu wakati huo. Huja Jumapili asubuhi, hung'oa majani kati ya mawe meupe, hupanda kilima mpaka barabarani na kungoja gari. Kawaida saa saba huwa ameshapita Sori.

Jumapili moja gari lilichelewa. Saa nane ilimkuta bado amekaa juu ya jiwe, beseni mapajani. Aliuona upepo unatoka Remba, ukafagia maji, ukapita kwa Willem, ukabisha milango yote kama kawaida yake. Kisha ukapanda kilima. Ulimzunguka mara moja. Ukashika pindo la leso yake, ukanusa mikono yake yenye harufu ya samaki, ukaja kusimama mbele ya uso wake ukingoja kuulizwa.

Chini kule matanga yalikuwa yamejaa, mekundu na manjano, na Willem alikuwa mbele yao wote akipiga kelele za furaha. Barazani alisimama mtu mwenye aproni nyeupe ameinua uso kutazama kilimani.

Pauline alijifunika mdomo kwa leso, akaushika kwa mikono miwili.

Upepo ulingoja, ukangoja tena. Halafu ukashuka kwenda kuuliza kwingine. Gari likaja, Pauline akapanda, akakaa karibu na dirisha ambalo kioo chake hakifungiki.

"Unashukia wapi, mathe?" kondakta aliuliza.

Pauline alimwonyesha kwa mkono, leso bado mdomoni.