Alto ya Jelagat

Kibii alikiinua kitabu kinene kwa mkono mmoja, kama anavyopima jiwe kabla ya kulipanga ukutani, akasema atachukua hicho.

"Umekisoma?" Safiyo aliuliza. Aliuza vitabu vya mitumba kwenye kibanda cha mabati katikati ya mji wa Nakuru, na hakuwa na haraka na mtu.

"Nitakisoma nyumbani."

"Wote husema hivyo. Halafu Jumatatu wananirudishia."

Kibii alikuwa fundi wa mawe, tena mwalimu wa kwaya ya kanisa lao katika mtaa wa Section 58. Shule aliiacha darasa la saba. Nyimbo alizitunga kichwani. Sauti ya kwanza aliiandika ubaoni kwa solfa, do re mi, na sauti nyingine waimbaji walijitafutia wenyewe kwa masikio. Miaka kumi na moja mambo yalienda hivyo bila taabu. Sasa Jelagat, aliyeshika alto, yaani sauti ya pili, tangu mwanzo, alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua huko Naivasha, na angehama Jumapili baada ya ibada. Alto ya wimbo wao wa mavuno ilikuwa kichwani mwake tu. Wenzake wote walimfuata yeye. Kibii alikuwa amejaribu mara mbili kuitunga upya kwenye karatasi, na mara zote mbili ilisikika kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja.

"Fungua mahali unapopajua," Safiyo alisema. "Mimi muziki sijui, lakini wateja nawajua. Kama kitabu hakiwezi kukueleza kitu unachokijua tayari, kile usichokijua kitakuelezaje?"

Kibii alitafuta do re mi. Kurasa zote zilikuwa mistari mitano na vidoa vyeusi, na Kiingereza kirefu. Akakirudisha mahali pake polepole.

Safiyo akampa kingine, chembamba, chenye picha ya bata anayepiga ngoma.

"Mama, hiki ni cha watoto."

"Bata hatakuuma, fundi."

Kibii aligeukia ukuta, asije akapita mtu wa kanisa akamwona. Solfa ilikuwa ukurasa wa nne, kwa Kiswahili cha kawaida, vilevile alivyoijua. Akaendelea kusoma amesimama. Katikati ya kitabu walieleza jinsi ya kupanga sauti nne. Sauti ya juu ikihama, kilisema, tazama kama kuna sauti nyingine inayoweza kubaki ilipo. Ikiweza, iache ibaki.

Alisoma hapo mara tatu. Kisha akauimba kwa pua mstari wa pili wa wimbo wa mavuno. Sauti ya kwanza inapopanda kutoka do kwenda re, Jelagat hubaki kwenye so. Hubaki tu. Miaka yote hiyo Kibii alimwambia mbele ya watu kwamba ni mvivu wa kupanda, na kwenye karatasi alikuwa akimpandisha kwa nguvu.

"Nifungie hiki," alisema.

Jumamosi kwenye mazoezi alishika chaki akamwambia Jelagat aimbe polepole. Akaandika so, halafu so tena.

"Leo hunipandishi, mwalimu?"

"Kaa hapo hapo."

"Si mimi ni mvivu?"

"Ulikuwa sawa. Mimi ndiye sikujua, na nikakusema vibaya."

Kemboi wa besi, sauti nzito ya chini, akauliza, "Na leo umejulia wapi?"

Kibii akatoa kitabu kwenye mfuko wa vifaa vyake vya kazi akakiinua, bata mbele. Besi walicheka mpaka wakashika viti. Akawangoja wamalize, akarudi ubaoni, akaandika mstari hadi mwisho.

Kisha alimwita Chelimo, msichana mpya wa alto, asome ubaoni. Chelimo alianza kwa woga, akafika mstari wa pili, akabaki kwenye so wakati wengine wanapanda. Jelagat alisikiliza akiwa amefumba mdomo, na hakumsahihisha popote.