Kidonge Chini ya Ulimi

Ulipita kando ya gereza lile la nyanda za ngano, New South Wales, ukapandisha kioo cha gari. Usibishe. Ndani, Lyall Pocock alikuwa akiiogopa damu yake mwenyewe.

Alimvunja mtu taya wakiwa baa, kwa hasira ya kufumba na kufumbua. Sasa aliomba kuachiwa mapema, arudi kwa binti yake Tamsin, na bodi inayoamua nani aachiwe ikataka kujua kama atarudia. Daktari Wendt wa pale gerezani alikuwa na kipimo chake. Unameza dawa inayoichokoza serotonini, ile kemikali ya ubongoni inayomshikia mtu breki. Homoni fulani ikipanda kwenye damu, breki zipo. Isipopanda, wewe ni mtu wa pupa, kaa humo humo.

Wiki nzima Lyall hakulala. Kostic, mwenzake wa selo, alimcheka.

"Unatetemeka kama kondoo aliyeona mkasi! Haya, meza." Akatema vidonge kiganjani, vile vya kutibu sonona. Alikuwa amepewa kwenye dirisha la dawa akavibana chini ya ulimi, kama walivyofanya wote, wakivibadilisha kwa tumbaku.

"Vitanituliza kweli?"

"Utakuwa mpole, mzee, hata mama mkwe atakupenda."

Lyall akameza. Kesho yake tena, na kesho kutwa, hadi siku ya kipimo.

Walimlaza, wakamtia mrija mshipani, wakamnywesha dawa, wakawa wanamvuta damu kidogo kidogo. Mchana Daktari Wendt akarudi, uso mzito.

"Homoni haijapanda, Lyall. Hata kidogo."

"Pima tena, daktari. Nakuomba."

"Kuna dawa zinazoizuia isipande. Vidonge vya sonona, kwa mfano. Ulimeza chochote?"

Mlangoni, askari akaacha kuchezea funguo.

Lyall akamtazama askari. Akisema ndiyo, ni kosa jipya, ni kifungo juu ya kifungo, na Kostic naye ataumia. Akisema hapana, damu imeshamhukumu. Mtu wa pupa angeropoka. Yeye aliwaza, akawaza, ndipo akajibu.

"Hapana, daktari."

Bodi inakaa kesho asubuhi. Hicho ndicho watakachosomewa: breki hana. Sasa unajua, na kioo huna cha kupandisha. Shika simu. Waambie kipimo kirudiwe, na atakayesema kweli asiadhibiwe. Piga sasa hivi, kabla hawajaketi.