Gari Linalopiga Mluzi

Gereji nzima walimwita Kumi na Nne, kwa sababu spana namba hiyo haikutoka mfukoni mwake hata siku ya mazishi ya baba yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mkono wenye dawa na mdomo mzito. Aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya gereji, chenye kitanda, jiko la mafuta na kikombe kimoja, maana mke aliondoka zamani na vikombe vyake, na Kumi na Nne hakuona haja ya kununua cha pili. Wateja walimpenda. Lakini mteja akishapata gari lake huenda zake, na kadiri ulivyomtengenezea vizuri ndivyo anavyochelewa kurudi. Kuna wiki zilipita bila mtu kumuuliza jambo lisilohusu injini.

Gari lake mwenyewe lilikuwa aibu ya gereji. Lilikuwa kigari cheupe alichorithi kwa baba, cha kabureta, kisicho na turbo wala haraka. Ekzosi ilikuwa na ufa, tapeti za injini zilipiga kelele, na kwenye mlima, kila alipoingiza gia ya pili, kilikohoa mara mbili.

"Kumi na Nne," muuza spea wa jirani alimtania, "unafufua magari ya watu, hilo lako umeliacha lijifie taratibu?"

Alicheka naye, akafunga boneti.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi gari hilo lilimpeleka kwa mama yake, aliyeishi juu ya mlima pamoja na mjukuu wake, binti wa dada yake Kumi na Nne ambaye alishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa na miaka themanini na ushee, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Zilianza kwenda tarehe, zikafuata siku za wiki, kisha nyuso. Uso wa mwanawe ulikwenda mwaka uliopita, na Kumi na Nne aliijua siku yenyewe. Betri ilikuwa imekufa, akapanda pikipiki, akabisha hodi, na mama akamtazama kwa heshima zote akamwambia, "Mita iko nyuma ya nyumba, baba. Isome tu." Akazunguka nyuma, akasimama mbele ya mita ya umeme kama vile kweli kilichomleta ni hicho, mpaka macho yalipokauka.

Lakini gari mama alilijua. Ile kelele yake ikianza tu kule chini, aliacha alichoshika akasema, "Mwanangu huyo!" Alijifunga kitambaa kichwani, akachukua mkongojo, akatoka hadi getini. Gari lilichukua dakika saba kupanda. Likifika, aliyeshuka hakuwa msoma mita tena, alikuwa mwanawe. Alimshika mashavu, akamwambia amekonda, akamuuliza anakula nini huko. Kwa saa mbili tatu Kumi na Nne alikuwa mtoto wa mtu. Siku sita zilizobaki alizivumilia kwa ajili ya hizo saa, na hakumwambia mtu yeyote.

Mvua zilipoanza, mama akateleza pale getini. Hakuvunjika, alichubuka kiganja tu, lakini mpwa akapiga simu kwa sauti ya kukemea.

"Mjomba, gari lako linachelewa mno. Bibi akilisikia tu ameshatoka, mvua haimhusu. Dakika saba nzima anasimama kwenye matope. Nikimshika mkono ananifokea, 'Mwanangu yuko njiani!' Siku moja atavunjika nyonga."

Mtu mwingine angepeleka kiti getini. Angejenga kibanda cha mabati, angemwaga kokoto, yakaisha. Lakini mpe fundi tatizo lolote la duniani, yeye atafungua boneti. Kumi na Nne alifikiri kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akaamua kwamba gari halina nguvu. Mlima ukipandwa kwa dakika mbili, mama hatapata muda wa kulowa.

Turbo ndogo ilikuwepo kwa muuza spea, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Walibadilishana kwa gia boksi ya zamani. Kueleza turbo ni rahisi: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inaisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Kuifunga ndiko kwenye kazi, hasa kwenye injini iliyozeeka ikivuta pumzi peke yake. Aliweka gasketi nene zaidi ili pistoni zisije zikatoboka. Aliiziba kabureta kila palipoweza kuvuja. Alitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, apate njia ya kurudishia oili, akachomelea manifoldi mpya ya kukusanyia moshi kwa mkono wake, na akapima kila pengo mara tatu. Na kwa kuwa alishafika huko, akarekebisha na tapeti. Ekzosi yenye ufa aliing'oa yote, akaweka mpya kutoka mbele hadi nyuma. Ile ya zamani aliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na Alhamisi mnunuzi wa vyuma akaibeba.

Kazi ilikula Jumamosi tatu. Angeweza kwenda kwa pikipiki, lakini hakutaka kupelekwa kwenye mita mara ya pili. Alipiga simu tu.

"Bibi anaendeleaje?"

"Kiganja kimepona," mpwa alisema. "Ila anashinda kwenye kibaraza. Ananiuliza mbona mlima umenyamaza."

"Mwambie Jumamosi ijayo. Mwambie nitafika hajavaa hata viatu!"

Jumamosi ikafika bila mvua. Chini ya mlima Kumi na Nne aliingiza gia ya pili, akakanyaga mafuta, na gari likaondoka. Halikukohoa. Kwenye kona ambayo miaka yote alikuwa akiinama mbele ili kulisaidia, alilazimika kupunguza mwendo. Kelele ilikuwa imekwisha kabisa, ikabaki sauti nyembamba ya mluzi wa turbo. Alicheka kwa nguvu, akapiga usukani, akageuka amwambie mtu. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mfuko wa machungwa. Akatazama saa: dakika mbili na nusu.

Geti lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na mtu. Unaona, alijiambia, nimemuwahi. Akasubiri kidogo huku injini ikinguruma kwa adabu, kisha akaizima, akafungua geti mwenyewe. Mama alikuwa kwenye kibaraza, mkongojo mapajani, sikio ameligeuzia barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Aliijua heshima ile. Ndiyo ile ile ya siku ya mita.

"Ni mimi, mama. Nimekuja na gari."

Mama akalitazama gari pale nje, akalitazama vizuri. "Zuri. Mwanangu ana la rangi hiyo hiyo. Lakini lako linapiga mluzi. Nimelisikia. Gari zima halipigi mluzi."

"Ni kweli, mama."

"Fundi gani kakufanyia hivyo?"

"Fundi mmoja tu. Anajiona anajua."

"Usirudi kwake," mama alisema, akasogeza mkongojo ili apate pa kukaa. "Keti hapa. Mwanangu ni fundi hasa, na leo ndiyo siku yake. Atakutazamia."

"Atafika saa ngapi?"

"Utamsikia. Anaanzia kule chini kabisa, anapanda polepole, pale kwenye kona anakohoa mara mbili. Hana haraka mwanangu. Ananipa nafasi ya kujiandaa."

Mpwa akatokea nyuma ya nyumba na beseni la nguo mbichi. "Mjomba! Mbona sikukusikia?" Akamgeukia bibi yake. "Bibi, huyu si ndiye..." Kumi na Nne akamtikisia kichwa. Mpwa akamtazama, akalitazama gari, akaelewa, akarudi alikotoka na beseni lake.

Kumi na Nne akaketi. Alitamani kuweka kichwa kwenye bega la mama yake alie, lakini msoma mita hafanyi hivyo, akabaki na mikono yake magotini. Spana ilimchoma pajani.

Kule chini lori likabadilisha gia. Mama akainua kidole, akashika pumzi, na wote wawili wakasikiliza mpaka lilipopita.

"Siye," mama alisema. Akampigapiga goti kumpa moyo. "Vumilia kidogo, baba. Huwa hakosi."

Kumi na Nne akasema sawa, akaendelea kusikiliza naye.