Picha Tatu za Mwisho

“Kamera ya kunishinda mimi bado haijaundwa,” mwalimu mgeni alitamba siku ya kwanza, akiizungusha kidoleni kwa ukanda wake mpaka watoto wote kumi na wawili wakashika pumzi.

Wakambandika jina papo hapo: Bwana Picha. Likamkaa kama shati la kushonewa. Ukweli, aliokuwa ameufunika tangu ashuke uwanja wa ndege, ni kwamba ujuzi wake wote ulitoka kwenye simu. Katika fomu ya kujitolea aliandika “uzoefu wa miaka mitano,” na hakuongopa sana: miaka mitano alikuwa amejipiga picha mwenyewe bila kuchoka. Hakuna aliyemwambia kwamba huko ugenini angekabidhiwa kamera moja kuukuu ya filamu, nzito kama tofali, na chumba chenye dirisha moja na madawati yaliyochongwa majina ya watu ambao sasa ni wazazi.

Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Kila mtoto tatu, kwa zamu. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi aitwaye Kitinda, kwa kuwa kwao alikuwa kitinda mimba. Wiki tatu zilizopita mdogo wake alizaliwa na kumpindua, lakini jina lilikataa kuhama.

“Mwalimu, zamu yangu isisogezwe,” alisema. “Baba anaondoka Alhamisi.”

“Anakwenda wapi?”

“Mbali. Kuchomelea vyuma, mkataba wa miaka miwili. Nyumbani hatuna picha yake hata moja. Ya kitambulisho anaondoka nayo. Huyu mtoto akianza kutambua watu, atamtambua nani?”

“Wewe usihofu. Ukiwa na Bwana Picha, baba yako haendi popote.”

Kitinda hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa ahadi.

Alhamisi mchana aliirudisha kamera ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Baba alikuwa ameshaondoka.

“Nimempigia mlangoni. Ya kwanza kanuna, ya pili kacheka, ya tatu kambeba mtoto.”

Alipokwenda zake, Bwana Picha alibaki peke yake uani, hamu ikimwasha. Alitaka kuiona ile ya tatu tu. Kwenye simu mtu hupiga akaona. Kidole kilicholelewa hivyo hakijui kungoja. Akaigeuza kamera huku na huku, akavuta kitufe cha pembeni, na mgongo wake ukafunguka. Ndani palikuwa na utepe wa kahawia, mtupu. Akauelekeza juani auone vizuri. Ndipo jambo alilowahi kulisoma mahali likamjia, limechelewa kama mgeni anayebisha hodi nyumba ikiwa majivu: filamu isiyosafishwa haitazamwi. Mwanga ukiigusa, imekufa. Akaufunga ule mgongo polepole, polepole mno, kana kwamba upole ungerudisha kitu.

Wiki iliyofuata bahasha ilirudi kutoka studio ikiwa na picha thelathini na tatu, baadhi zikiwa na ukungu.

“Zangu ziko wapi?” Kitinda aliuliza.

Darasa zima likageuka. Bwana Picha alihisi shati la jina lile likimbana shingoni.

“Ulimpigia mlangoni, siyo? Na jua lilikuwa nyuma yake?”

“Ndiyo.”

“Basi ndiyo hivyo. Jua limeunguza filamu. Kosa la kawaida kwa wanaoanza.” Akaongeza kimzaha kwamba jua nalo lina wivu, halipendi kupewa mgongo. Watoto wakaangua kicheko.

“Kumbe ni mimi,” Kitinda alisema, akakaa.

Bwana Picha aliyasikia maneno hayo, akayaacha yapite. Uongo hauombi kiti, ukishaingia unajikalia. Filamu mpya ilipoletwa na zamu ya Kitinda ikafika, hakuigusa kamera. Alimwonyesha jirani yake kwa kidevu.

“Mpe huyu. Mimi nitaharibu.”

Siku ya maonyesho picha zilibanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Wazazi walikuja. Mama yake Kitinda alisimama karibu na mlango na mtoto begani, akitazama picha za baba za watu wengine. Mwenye studio naye alikuja, bibi mfupi aliyening’iniza miwani shingoni. Kitinda alimfuata moja kwa moja.

“Shikamoo, bibi. Nisamehe. Mimi ndiye niliyeunguza filamu kwa jua.”

“Marahaba. Nani kakwambia ni jua?”

“Mwalimu.”

Bwana Picha, aliyekuwa akimchekesha mzazi mmoja, alikata sentensi katikati.

Bibi alivaa miwani, akatoa mkobani ule utepe wa filamu, sasa umeshasafishwa, akauinua dirishani. “Njoo uone, mjukuu wangu. Jua likiingia kwa mbele, linaishia ndani ya kidirisha cha picha. Hapa kingo nazo zimeungua, na tarakimu zake. Tena hizi za mwisho zilikuwa juu kabisa filamu ilipoviringika, ndiyo maana zikazikinga za wenzako. Hii kamera ilifunguliwa mgongo, mchana kweupe.”

“Mimi sikuifungua. Niliirudisha imeviringishwa kwenye taulo.”

“Najua. Mtoto anayeileta kamera kwenye taulo haifungui.” Kisha akageuza miwani yake, taratibu, kumwelekea mwalimu. “Mwalimu atakuwa anajua zaidi.”

Wazazi wakageuka kumtazama. Bwana Picha alitafuta mzaha. Tangu utotoni haukuwahi kumkosa. Akaukosa. Pale mlangoni, mama alimhamisha mtoto bega hili hadi lile, akangoja.

Kitinda alimsogelea. Usoni hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

“Mwalimu,” aliuliza kwa sauti ya chini, “ulipofungua, ulimwona baba?”