Sanamu ya Kaka Yangu Galiu

Kaka yangu Galiu alipofariki, sanamu yake niliichonga mimi. Miezi mitano nilijifungia uani, nikitoa ndege, samaki na uso wake kwenye gogo moja. Siku ya kumaliza matanga tuliisimamisha, tukachinja nguruwe, watu wakalia. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kuipeleka msituni ioze, ili marehemu aende zake.

Sikuipeleka. Mzungu mmoja mkusanyaji wa sanamu alikuwa amefika kisiwani kwetu Tabar. Aliitazama bila kupepesa macho, akaniachia injini mpya ya mashua, akaenda na sanamu kwao, nchi ya theluji. Watu nikawaambia inaoza.

Mwezi haukuisha, Matelda, mjane wa kaka, akaniita saa sita mchana. Alikuwa amepakua magimbi sahani mbili.

"Shemeji, Galiu hajaenda," alisema. "Kila mchana anakaa hapo benchini."

Benchi lilikuwa tupu. Lakini mkeka juu yake ulikuwa umebonyea, na ukanyanyuka polepole huku nautazama.

Nikapiga magoti, nikakiri yote. Matelda akacheka kidogo.

"Wewe mwongo tangu zamani. Inuka ule. Mwache tu abaki, humu kulikuwa kimya mno."

Basi nikainuka, nikala. Mvua zilipoanza, Matelda alinifuata mwenyewe hadi uani. Alikuwa amekonda.

"Siku hizi anakuja anatetemeka. Nimemkokea moto, nimemfunika blanketi, wapi! Huko ulikompeleka kukoje, shemeji?"

Theluji mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Nilimwandikia yule mnunuzi barua mbili, hakujibu. Nikatafuta gogo lingine, nikachonga upya, ndege yuleyule, samaki yuleyule, uso uleule kadiri nilivyoukumbuka, maana nao ulishaanza kunitoka. Sanamu hiyo mpya tukaichoma pamoja, mimi na Matelda, ili aende zake, hadi ikawa majivu.

Siku tatu benchi lilikaa tupu. Siku ya nne nilimkuta Matelda mlangoni.

"Amerudi," alisema. "Hatetemeki tena."

"Sasa unalia nini?"

"Kaniuliza mimi ni nani."

Tangu hapo nakula kwake kila mchana. Matelda huketi benchini kando ya Galiu, akimtajia jina lake yeye mkewe, kisha majina ya watoto wao, moja moja, kwa sauti ya chini, halafu anaanza tena. Mimi naketi sakafuni karibu na moto, maana benchini hapana nafasi.