Sauti za Arnulfo Ziko Brisbane

Mimi na Renante tulianza kugombana kabla hata hajavua viatu mlangoni.

"Shemeji, kompyuta yako imekukosea nini mpaka unitoe kitandani Jumapili?"

"Ya kwangu haijanikosea. Ni ile ya Brisbane. Kaa hapa, acha maneno."

Renante ni binamu wa marehemu mume wangu, naye ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja hapa mjini kwetu Mandaue, na mdomo wake haujui likizo. Siku hiyo nilimvumilia. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mume wangu Arnulfo, na mama mkwe wangu, Nanay Sepa, alikuwa ametoka kisiwani kwao Samar kwa meli, haoni, anashikwa mkono, kuja kusikia sauti ya mwanawe. Maiti hatukuletewa. Arnulfo alianguka baharini kutoka kwenye meli ya mizigo aliyokuwa akifanyia kazi, na sisi tukatumiwa begi lake la nguo. Cha kumpa mama yake kilikuwa sauti tu, basi.

Alipokuwa melini alikuwa ananitumia rekodi za sauti yake za kumpelekea mama yake, maana kule kijijini kwao mtandao hakuna. "Ukienda Samar umsikilizishe," ananiambia. Likizo ya kwenda Samar sikupewa. Simu ilipojaa nikazihamishia kwenye kompyuta ya kazini, na simu yenyewe ikaja kuibiwa sokoni.

Sasa, kompyuta ya kazini haiko kwangu. Iko Brisbane, kwa matajiri wangu wa bima. Mimi naifungua kutoka huku, kwenye dirisha ndani ya kompyuta yangu kuukuu, nashughulikia madai ya watu walioezuliwa paa na upepo. Zamani milango yote ilikuwa wazi, unakopi huku unapesti kule. Halafu wakafunga. Hata sauti wakaizima. Nilikuwa nabonyeza rekodi ya Arnulfo, naona mstari unasogea mpaka mwisho, na spika kimya. Nimelia kwa hasira mbele ya ule mstari, Mungu ndiye shahidi.

"Msimamizi wako umemwomba?"

"Nimemwomba. Kasema mambo ya nyumbani hayakupaswa kuwekwa mle, nishukuru hajanishtaki."

"Huyo naye ana roho ya jiwe! Hebu sogea."

Nanay Sepa alikuwa sebuleni, ameketi wima na gauni lake jeusi, sikio ametuelekezea sisi. Jikoni biko ya arobaini ilikuwa motoni, mchele na nazi na sukari nyeusi, wifi yangu anaikoroga.

Renante akaingia kwenye mashine ya Brisbane, akakitafuta kile kiprogramu kinachobeba vitu unavyokopi. Kilikuwa kimeganda. Akakiua, akakiwasha tena. Akaandika "haya" upande wa kule, akakopi, akaja kupesti upande wetu. Neno likatokea.

Nilipiga kelele mpaka wifi akatoka na mwiko mkononi.

"Umeona mkono wa fundi, shemeji? Leo biko nakula sufuria nzima!"

"Kula na sufuria yenyewe! Lete faili."

Faili zikagoma. Alikopi folda nzima, akaja upande wetu, na pale pa kupesti pakawa pamefifia, hapabonyezeki. Akajaribu moja moja. Wapi! Akakuna kichwa, akafungua mipangilio ya muunganisho, akaguna.

"Ndiyo hii. Maneno yanapita, faili hazipiti, kwa sababu diski yako haijaruhusiwa kuonekana kule. Naiwekea alama. Ila haitashika mpaka uunganishe upya. Toka kabisa, halafu uingie."

"Nitoke? Sisi huwa hatutoki. Tunafunga dirisha tu."

Ndivyo tunavyofanya sote tunaowafanyia Waaustralia kazi. Ukitoka kabisa unahesabiwa umeacha zamu, na kurudi ni foleni. Kwa hiyo jioni unafunga dirisha, asubuhi unalifungua, unakuta kila kitu ulipokiacha. Tangu niajiriwe sikuwahi kutoka.

"Ndiyo maana imeganda!" Renante akacheka. "Ofisini kwetu dawa ya kwanza ni hiyo. Toka, ingia. Bonyeza, shemeji, mama anasubiri."

Fundi ni yeye. Nikabonyeza.

Tulipoingia tena, diski yangu ilionekana kule, wazi kabisa, hakuna kizuizi. Lakini folda haikuwepo. Hakukuwa na kitu chochote, kioo cha bluu kitupu. Nikamwandikia msimamizi. Akajibu papo hapo: "Nani kakwambia utoke? Mashine hizo ukitoka zinajifuta, apewe mtu mwingine. Nakala hakuna."

Renante alisoma, akasoma tena. Nilimpiga bega kwa kofi, nikampiga la pili, wala hakujikinga.

"Nilidhani ni kama zetu," akasema. "Shemeji, wallahi sikujua. Nilidhani ni kama zetu."

"Mbona kimya?" Nanay Sepa akaita, kwa Kicebu chake cha kubahatisha, lugha yetu ya huku. "Mmempata?"

Renante akaanza kulia, yule mropokaji. Nikaenda mimi. Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikamshika mikono, nikamwambia ukweli, maana ningemwambia nini kingine. "Zimefutika, Mama. Zote."

Kisha akanipapasa uso, akakuta machozi, akayafuta kwa kiganja.

"Usilie, mwanangu. Si wewe ulizisikia? Nisimulie tu. Alisemaje?"

Nilizisikia, ndiyo, kila moja, zilipokuwa bado kwenye simu. Lakini mle ndani Arnulfo alikuwa akisema na mama yake kwa Kiwaray, lugha ya kwao, haraka haraka, na mimi mtu wa huku Cebu niliokota jina langu tu hapa na pale.

"Alikuwa anacheka, Mama."

"Anacheka nini?"

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Sijui."